Kauri isiyo na risasi inapogoma: soma dalili, kisha rudi kwenye mizani

Fundi aliyezoea PZT, kauri ya risasi (madini ya plumbi), zirkoniamu na titaniamu, akigeukia kauri za feroelektriki zisizo na risasi, yaani zinazoshika mwelekeo wa umeme unaoweza kugeuzwa kwa volti, miezi ya mwanzo huwa migumu. PZT husamehe. Mpaka ambapo muundo wake wa fuwele hugeuka kutoka rombohedrali kwenda tetragonali uko karibu na zirkoniamu 52 kwa titaniamu 48, na mpaka huo hausogei sana joto linapopanda. Ukikosea kidogo, bado utapata kitu kinachofanya kazi. Kauri zinazotafutwa kuchukua nafasi yake hazina huruma hiyo. Kosa la asilimia moja linaweza kugeuza kihami kuwa kipitishio, au kusogeza joto la kubadilika kwa fuwele hadi likaangukia mahali usipolitaka.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona mezani na kurudi nyuma hadi chanzo. Swali la msingi ni lilelile kila mara: je, uwiano wa viungo uliomo ndani ya kidonge cha kauri ndio ule ulioandika kwenye daftari? Kwa uzoefu wangu, mara nyingi sio. Watu hubuni fomula mpya kwa miezi kadhaa wakati ugonjwa wenyewe ulianza siku ya kupima unga.

Familia kubwa ni tatu, zote zenye muundo wa perovskaiti, ABO3, ambamo ayoni kubwa hukaa upande A na ndogo hukaa upande B katikati ya oksijeni sita. KNN, yaani (K0.5Na0.5)NbO3, hupoteza potasiamu na sodiamu, na unyevu ndio adui yake wa kwanza. BNT, yaani (Bi0.5Na0.5)TiO3, ambayo Smolenskii na wenzake waliieleza mwaka 1960, hupoteza bismuthi. Bariamu titaneti, BaTiO3, pamoja na ndugu yake BCZT yenye kalsiamu na zirkoniamu, haipotezi kitu cha kutisha tanurini, ila inadai uwiano sahihi wa bariamu kwa titaniamu na moto mkali. Bismuthi feraiti, BiFeO3, nitaitaja penye uvujaji wa umeme, maana huko ndiko inakowatesa watu. Nyuzi joto zote humu ni za Selsiasi.

Kabla ya dalili yoyote: mizani

Ili kupata moli moja ya KNN unahitaji gramu 34.55 za potasiamu kaboneti, gramu 26.50 za sodiamu kaboneti na gramu 132.91 za niobiamu oksidi. Potasiamu kaboneti hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Ikishiba, takribani asilimia 16 ya uzito wake huwa ni maji. Tuseme yako imenyonya asilimia 5 tu. Mizani inasoma 34.55, lakini kaboneti halisi ni gramu 32.82. Potasiamu imeshuka kutoka 0.500 hadi 0.475, na upande A mzima una ayoni 0.975 kwa kila niobiamu moja. Tanuri halijawashwa, na tayari unatengeneza kauri nyingine.

Kausha kaboneti kwa nyuzi 200 usiku kucha, ziache zipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye jeli kavu ya silika, kisha pima upesi. Niobiamu oksidi nayo ichome kidogo pembeni uone inapoteza uzito kiasi gani, urekebishe hesabu. Saga kwa ethanoli, kamwe si kwa maji: kaboneti za alkali huyeyuka majini, na mchanganyiko unapokauka hujitenga, potasiamu ikabaki juu. Halafu pima mipira ya kinu kabla na baada ya kusaga. Mipira ya zirkonia iliyochakaa huingiza zirkoniamu ambayo hukuiandika popote, na katika bariamu titaneti kila asilimia moja ya zirkoniamu upande B hushusha joto la Curie, yaani joto ambalo juu yake kauri hupoteza uferoelektriki, kwa nyuzi 4 au 5 hivi.

Kidonge kinanata, kinachanika, au kinageuka unga kikiwa kabatini

Ni dalili ya KNN kuliko kauri nyingine yoyote, na ina vyanzo viwili vinavyopingana. Alkali, yaani potasiamu na sodiamu, ikizidi, ziada yake hukaa kwenye mipaka ya chembe kama K3NbO4 na misombo ya aina hiyo, ambayo hunyonya unyevu hadi ikalainika. Alkali ikipungua, huzaliwa K4Nb6O17, fuwele ya matabaka ambayo maji hupenya katikati yake na kuivimbisha. Kidonge hupasuka vilevile kwa sababu yoyote kati ya hizo, kwa hiyo anayeongeza potasiamu kwa kubahatisha anaweza kuwa anaongeza ugonjwa.

Tenganisha hivi. Loweka kipande kwenye maji yaliyotoneshwa kwa saa moja, kisha chovya karatasi ya pH. Maji yakiwa na ualkali mkali, shuku ziada. Yasipobadilika sana, piga eksirei ya kusoma muundo wa fuwele na uangalie pembe ndogo, chini ya pale vilele vya perovskaiti vinapoanzia. Fuwele ya matabaka huweka kilele chake huko kwa sababu nafasi kati ya tabaka na tabaka ni kubwa. Rudia kipimo baada ya kusugua uso wa kidonge kwa msasa, kwa kina cha robo milimita. Kilele kikitoweka, ndani ni salama na alkali imetoroka kwenye ngozi tu: funika vidonge kwa unga wa uwiano uleule, ndani ya bakuli lenye mfuniko. Kisipotoweka, kosa lilitokea kabla ya tanuri.

Bariamu titaneti iliyozidishiwa bariamu huonyesha dalili inayofanana na hiyo. Ba2TiO4 huvimba inapokutana na unyevu hewani na kidonge hupasuka baada ya siku kadhaa. Ongeza titaniamu oksidi kidogo kwenye mchanganyiko unaofuata.

Kidonge hakifikii msongamano

Msongamano kamili wa KNN ni kama 4.51 g/cm³, hivyo 4.28 ni asilimia 95, na hapo unaweza kuridhika. Ukibaki kwenye asilimia 88 licha ya kupandisha moto, acha kupandisha. KNN huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1140, na huko juu alkali hutoroka haraka huku chembe chache zikinenepa kuwa michemraba mikubwa inayofungia vinyweleo ndani. Eneo la kuchomea ni jembamba, mara nyingi nyuzi 10 au 20 tu. Pima uzito wa kidonge baada ya gundi ya kubania kuungua, kisha baada ya uchomaji wa mwisho: tofauti ndiyo alkali iliyokwenda.

Wengi hukimbilia shaba oksidi, na kweli inafanya kazi. Kiasi kidogo huunda kimiminika kati ya chembe na kuzivuta pamoja kwenye joto la chini zaidi. Lakini shaba haibaki mipakani. Sehemu yake huingia upande B mahali pa niobiamu, na kwa kuwa ina chaji ndogo, fuwele hufidia kwa kuacha mapengo ya oksijeni. Mapengo hayo hushika kuta za domeni, yaani maeneo ya fuwele yaliyoelekea upande mmoja kiumeme. Kauri huwa ngumu: kigezo cha ubora wa mtetemo hupanda na d33, yaani chaji inayotoka kwa kila nguvu ya kubana (hupimwa kwa pC/N, pikokulombu kwa nyutoni), hushuka. Kwa kifaa cha mawimbi ya ultrasauti chenye nguvu, hiyo ni zawadi. Kwa kihisio, umelipa msongamano kwa unyeti uliokuwa ukiutafuta. Amua kwanza kauri ni ya kazi gani, ndipo uchukue chupa ya shaba.

Upande wa bariamu titaneti, titaniamu ikizidi kidogo huunda Ba6Ti17O40 na kimiminika juu ya nyuzi 1320 hivi. Msongamano utaupata, ila chembe hukua bila mpangilio. Na ukubwa wa chembe ni sifa yenyewe: karibu na mikromita moja, kipimo cha dielektriki (uwezo wa kuhifadhi chaji) cha bariamu titaneti kwenye joto la chumba hufika kilele cha 5000 hivi, na hushuka chembe zikizidi au kupungua ukubwa huo.

Vilele vya eksirei visivyotarajiwa

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kilele kigeni kwa kawaida kinajitaja chenyewe. Katika KNN yenye lithiamu, ukivuka asilimia 7 au 8 hivi, lithiamu hushindwa kuenea kwenye perovskaiti na kuunda K3Li2Nb5O15. Katika bismuthi feraiti, Bi25FeO39 inasema bismuthi imezidi au haijamaliza kuungana, na Bi2Fe4O9 inasema imepungua. Zikionekana zote mbili, unga haukuchanganyika au joto halikufaa. Katika BCZT, mabaki ya kalsiamu titaneti au bariamu zirkoneti yanamaanisha uchomaji wa kwanza ulikuwa mfupi au wa chini.

Kuna kosa lisiloonyesha kilele chochote, nalo ni baya zaidi. Zirkoniamu husambaa polepole. Unga unaweza kuonekana safi kabisa kwenye eksirei ilhali chembe moja ina zirkoniamu nyingi na jirani yake ina kidogo. Utaiona kwenye mchoro wa kipimo cha dielektriki dhidi ya joto: kilele cha Curie kinakuwa kipana na kifupi. Saga tena, choma tena, ndipo uibane.

Kauri inavuja umeme

Volti inapanda, mkondo unapanda nayo, na kabla hujafika nusu ya uwanja unaohitajika kidonge kinatoboka. Au kitanzi cha P-E, mchoro wa polarizesheni dhidi ya uwanja wa umeme, kinavimba kama yai, hakina ncha. Usidanganyike na yai hilo: eneo lililo ndani yake ni mkondo unaopita, si polarizesheni ya kweli.

Anza na BNT, maana ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Bismuthi ikitoroka tanurini, oksijeni huondoka nayo: kila ayoni mbili za bismuthi huacha mapengo matatu ya oksijeni. Katika BNT, kifungo dhaifu kati ya bismuthi na oksijeni huruhusu oksijeni kuruka kutoka pengo hadi pengo kwa urahisi wa ajabu. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba BNT iliyopunguzwa bismuthi kutoka 0.50 hadi 0.49 hupitisha ayoni za oksijeni vizuri kiasi cha kufikiriwa kwa seli za fueli. Tofauti hiyo ni gramu 2.33 za bismuthi oksidi katika moli nzima ya kauri, ambayo ina uzito wa gramu 212 hivi. Yaani asilimia moja ya uzito ndiyo inayotenganisha kihami na kipitishio. Hata BNT iliyopimwa kwa uwiano kamili huangukia upande unaopitisha, kwa sababu tanuri huchukua kidogo.

Kanuni ya kushika ni uwiano wa sodiamu kwa bismuthi. Ukiwa moja au zaidi, tegemea uvujaji. Ukiwa chini ya moja, kauri huwa kihami. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuongeza bismuthi kidogo, kutoka 0.50 hadi 0.51. Tiba ya pili ni niobiamu: nusu asilimia tu mahali pa titaniamu hutosha kujaza mapengo ya oksijeni, kwa kuwa niobiamu ina chaji moja zaidi. Ili kujua kama mtuhumiwa ni ayoni za oksijeni, pima upitishaji kwenye joto kadhaa na ukokotoe nishati ya kuamsha, yaani nishati ambayo chaji huhitaji ili iruke. BNT ya kihami hutoa karibu elektrovolti 1.7, ile ya mapengo ya oksijeni huwa chini ya 0.9. Kipimo hiki ni cha bei ndogo, na natamani kila anayeanza na BNT angekifanya kabla ya kugusa fomula.

Bismuthi feraiti huvuja kwa njia mbili kwa pamoja, bismuthi inayotoroka na chuma kinachoshuka kutoka valensi 3 hadi 2. Kuichanganya na bariamu titaneti, kwenye theluthi moja hivi ya bariamu titaneti, pamoja na manganisi kidogo, husaidia pande zote mbili: mchanganyiko huo huimarisha perovskaiti, na manganisi hunasa elektroni zinazozurura.

Katika bariamu titaneti, tazama rangi kwanza. Kidonge cha buluu iliyokolea kina elektroni huru. Chanzo kinaweza kuwa hewa finyu tanurini, au dozi ndogo sana ya kiongezi cha dona (kinachotoa elektroni) kama lanthani. Hapa mantiki ya kawaida inapinduka: sehemu chache za kumi za asilimia ya lanthani hufanya bariamu titaneti kuwa nusu-kipitishio, ilhali dozi kubwa zaidi huirudisha kuwa kihami chenye chembe ndogo. Aliyepunguza lanthani akidhani anapunguza tatizo amelizidisha.

Uvujaji hakuna, msongamano upo, lakini d33 ni ndogo

Hakikisha kwanza ulipolarisha kweli, yaani uliiweka kauri chini ya volti kubwa hadi dipoli zake, yaani jozi ndogo za chaji chanya na hasi, zikaelekea upande mmoja. KNN huhitaji 3 hadi 4 kV/mm kwenye mafuta ya silikoni yenye nyuzi 120 hivi, ikipoa huku volti ikiwa bado imewashwa. BNT tupu ni kaidi: uwanja wa kugeuza dipoli zake ni karibu 7.3 kV/mm, na vidonge vingi hutoboka kabla ya hapo. Kuichanganya na asilimia 6 au 7 ya bariamu titaneti hushusha uwanja huo na kuiweka kwenye mpaka wa miundo. Takenaka na wenzake walipata 125 pC/N huko mwaka 1991. BCZT hupolarishwa kwenye joto la chumba au juu yake kidogo, kwa kuwa joto lake la Curie ni dogo. Pima siku inayofuata, si dakika ileile.

Kama upolarishaji ni mzuri, rudi kwenye uwiano. KNN tupu iliyochomwa hewani hutoa kama 80 pC/N, na hilo si kosa lako. Sababu ni kwamba badiliko lake kutoka othorombiki kwenda tetragonali liko karibu na nyuzi 200, mbali na mahali unapopimia. Kazi ya viongezi ni kulishusha badiliko hilo hadi joto la chumba, dipoli zipate njia nyingi za kugeukia. Lithiamu ya asilimia 6 hivi hulishusha na kupandisha joto la Curie. Tantali na antimoni hulishusha na kushusha Curie pia. Saito na wenzake walitumia zote tatu mwaka 2004, wakapanga chembe zielekee upande mmoja, wakafika 416 pC/N.

Basi tafuta badiliko liko wapi. Pima kipimo cha dielektriki kuanzia chini ya sifuri hadi nyuzi 250. Nundu ya badiliko kwenye mchoro ikiwa kwenye nyuzi 80, ongeza kiongezi. Ikiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, umepitiliza. Mara nyingi fomula ni sahihi na nundu imesogea kwa sababu lithiamu, ambayo ni nyepesi na kiasi chake ni kidogo, ilipimwa vibaya.

BCZT inayotoa 300 badala ya 620 pC/N ambayo Liu na Ren waliripoti mwaka 2009 karibu kila mara imechomwa chini ya nyuzi 1450, au zirkoniamu yake haijasambaa.

d33 nzuri mezani, hafifu ikipata joto

Hii mara nyingi si hitilafu. Ni bei ya uwiano uliouchagua. BCZT hupoteza kila kitu karibu na nyuzi 93, joto lake la Curie. Hakuna uchomaji utakaobadilisha hilo. BNT yenye bariamu titaneti huanza kupoteza mpangilio wa dipoli karibu na nyuzi 100, ingawa BNT tupu huvumilia karibu hadi 190. KNN iliyosukumwa hadi 490 pC/N mwaka 2014 ilibaki na Curie ya nyuzi 227, wakati KNN tupu ina 420 hivi.

Hitilafu ya kweli ni d33 inayoyumba kati ya nyuzi 20 na 80 katika KNN ambayo Curie yake iko mbali. Umeweka mpaka wa miundo palepale kifaa kinapofanyia kazi, na mpaka wa KNN, tofauti na wa PZT, husogea na joto. Kila kifaa kinapopasha na kupoa, fuwele huvuka mpaka na dipoli hujipanga upya. Sogeza badiliko chini kidogo ya joto la kazi kwa kuongeza kiongezi kidogo, ukubali d33 iliyopungua. Ningechagua 250 iliyotulia kuliko 400 inayoruka, kwa kifaa chochote ambacho mtu atakitegemea.

Kitanzi kimebanwa kiunoni

Kitanzi cha P-E kina umbo la vitanzi viwili vilivyounganishwa. Vyanzo ni viwili na tiba zake hazifanani. Kwenye kauri yenye shaba, manganisi au chuma, mapengo ya oksijeni yamejipanga kufuata domeni wakati kauri inazeeka kabatini, nayo huzirudisha nyumbani kila volti inapoondoka. Pasha juu ya Curie, poza haraka, pima papo hapo: kiuno kikifunguka, ni uzee, na dawa ni kupunguza kiongezi.

Katika BNT, kiuno kilekile hutokea kwa sababu hali isiyo na mpangilio wa dipoli wa masafa marefu imeshuka hadi joto la chumba. Uwanja wa umeme huipanga, ukiondoka inavurugika. Kupasha na kupoza hakubadilishi kitu hapa. Poza kidonge hadi chini ya sifuri na upime: kitanzi kikijaa na kuwa kimoja, umepata jibu. Viongezi vimezidi. Lakini tazama mnyumbuko kabla ya kuvipunguza. Mchanganyiko wa BNT, bariamu titaneti na KNN kidogo ulioripotiwa mwaka 2007 una kiuno hichohicho, na hutanuka kwa asilimia 0.45 chini ya 8 kV/mm. Ukitengeneza kihisio, punguza KNN. Ukitengeneza kisukumizi, iache ilivyo.